Kofia ya Sufu ya Viola Aketch

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama chai iko jikoni, ipueni, vuteni viti, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka dada mmoja wa Ruiru aliyependa mandazi ya moto, aliyecheka mpaka majirani wakachungulia, na aliyeandika programu za kompyuta. Jina lake ni Viola Aketch. Alituacha mwezi wa Julai mwaka huu wa 1999, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa.

Viola Aketch. Na habari zake haziwezi kusimuliwa bila kofia.

Viola alizaliwa Siaya lakini alikulia Mwiki, Ruiru. Mama yake, Perez, ambaye wote humwita Mama Viola, hufuma sweta za shule hadi leo. Zamani hizo nyumbani kulikuwa na mashine moja ya kufuma na mabinti wawili, Viola na dada yake Selpha, na wote wawili waliitaka.

"Siku moja nilitoka dukani nikakuta sweta ina mikono mitatu," Mama Viola anasimulia huku akijipiga paja. "Ulikuwa umebaki mkono wa kulia tu, na kila mmoja akaufuma wake. Hakuna aliyemwambia mwenzake! Nikachukua mabaki ya sufu, maroon, kijani na manjano, nikafuma kofia. Nikawaambia, asiye na kofia kichwani, asiiguse mashine yangu."

Hiyo ndiyo kofia yenyewe, wasikilizaji wapendwa. Ya mistari, kubwa kupita kiasi, na juu yake kishada cha manjano.

Viola alisomea kompyuta chuoni, na mwaka wa 1995 akapata kazi Thika, katika ofisi ndogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Walikuwa watatu. Kulikuwa na Viola. Kulikuwa na Boaz, kijana mpole wa kutoka magharibi. Na kulikuwa na Zaid, mtoto wa mjini, ambaye baba yake ana duka la nguo sokoni. Zaid ndiye aliyetusimulia mengi ya haya. Anakiri mwenyewe kwamba vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye kompyuta, na kiburi chake kilikuwa chepesi zaidi.

Kompyuta zao tatu hazikuwa zimeunganishwa. Mtu akimaliza kuandika, alinakili kazi yake kwenye disketi na kumpelekea mwenzake mkononi. Kazi waliyopewa ilikuwa programu ya kupanga ratiba ya masomo kwa shule moja ya sekondari. Mwenye ofisi aliwaambia bila kuficha: programu ikikubaliwa, shule nyingine zitakuja. Ikikataliwa, anafunga chumba, kila mtu arudi kwao.

Basi siku ya kuonyesha ratiba ya kwanza, Mwalimu Macharia, naibu wa mwalimu mkuu, alivaa miwani akaanza kusoma. Akavua miwani.

"Ngai! Mungu wangu! Jumanne asubuhi niko Form One. Saa hiyo hiyo niko Form Three. Na saa hiyo hiyo niko jikoni nafundisha upishi? Mimi hata chai hunishinda!"

Walimu walicheka. Zaid hakucheka. Viola alikuwa ameandika kanuni kwamba mwalimu mmoja asiwekwe madarasa mawili kwa wakati mmoja. Sasa kanuni hiyo haikuwapo. Mwalimu Macharia akawapa nafasi ya pili, mwisho wa muhula.

"Kwani uliiandika wapi?" Zaid akamuuliza Viola waliporudi ofisini.

"Niliiandika, Zaid. Wewe ukaja na disketi yako, ukaiweka kazi yako juu ya yangu."

"Mimi sikujua!"

"Najua hukujua. Hata mimi sikujua unafanya nini. Hiyo ndiyo shida yetu."

Kesho yake Viola alikuja na ile kofia ya mama yake, akaitundika kwenye msumari ukutani. Kuanzia leo, alisema, programu kamili iko kwenye disketi moja tu, na hiyo inakaa hapa chini ya kofia. Anayetaka kuibadilisha, avae kofia. Akimaliza, awaambie wenzake kwa sauti amebadilisha nini na kwa nini. Aandike maneno hayo pale juu kabisa kwenye programu, pamoja na mahali alipofika. Mwenzake aijaribu. Kisha kofia irudi msumarini.

Boaz aliivaa papo hapo. "Niko smart ama siko smart?"

"Unakaa kama nanasi," Zaid akasema. "Mimi nina kofia yangu, Viola." Na kweli, alikuwa amevaa kofia yake nyeupe ya kudarizi. "Wateja wa baba wakiniona na hicho kitu, si watahama duka?"

"Sawa, bwana. Basi leo wewe kunywa chai."

Akanywa chai mpaka adhuhuri. Zaid anasema hajawahi kuona chai ndefu namna ile. Lakini hakushindwa kirahisi. Alikuwa na nakala yake ya zamani, akawa anairekebisha peke yake kwenye kompyuta yake, na kila jioni alitia disketi hiyo kwenye mfuko wa shati. Alitaka siku moja awaonyeshe kwamba yeye hahitaji kofia ya mtu.

Mwisho wa muhula, siku ya kuonyesha mara ya pili ikafika. Kompyuta ilipangwa kwenye meza ya walimu, printa pembeni. Mwalimu Macharia akakohoa. "Kuna mwalimu mpya wa Kiswahili. Huja mchana tu. Mwekeni tuone."

Viola akamweka. Programu ikagoma. Skrini ikasimama tuli, na walimu wakaanza kutazamana.

Zaid alisikia ile disketi ikimgusa kifua. Ndani yake alikuwa amekwisha kutengeneza jambo hilo hilo, na kuichomeka kulihitaji pumzi moja tu. Lakini alijua pia haikuwa na kanuni ya Viola. Haikuwa na kazi ya Boaz. Ingemweka mwalimu mpya vizuri na kumrudisha Mwalimu Macharia jikoni.

Akanyoosha mkono. "Viola, naomba kofia."

Viola akamtazama. Akaitoa mkobani, akampa. Zaid akaivaa juu ya kofia yake nyeupe, kishada kikasimama, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Huyu sasa ako na vichwa viwili!" akasema Mwalimu Macharia.

"Kimoja hakikutosha, mwalimu," Zaid akajibu, vidole tayari vikienda. Alisema kwa sauti kila alichobadilisha. Boaz akaitikia. Ghafla Viola akamgusa bega.

"Ijumaa, Zaid. Ijumaa mchana ni michezo, hakuna masomo. Wewe wa kusahau Ijumaa!"

"Astaghfirullah," akasema Zaid, akairekebisha huku akicheka.

Printa ikanguruma. Mwalimu Macharia akafuata mistari kwa kidole. "Jumanne asubuhi niko darasa moja. Moja tu." Akawatazama. "Mimi ni mzima tena."

Ofisi haikufungwa. Njiani Zaid alimkabidhi Viola disketi ya mfukoni. Viola aliifuta, akaifanya ya kuwekea nakala ya akiba. Shule zikaja, za Kahawa Wendani, za Ruiru, mpaka za Ngoliba. Na mlinzi mkali wa kofia akawa nani? Zaid. Hata mwenye ofisi alifukuzwa kwenye kiti: "Kofia iko wapi, mzee?"

Mwaka huu, wasikilizaji wapendwa, mwalimu mmoja wa Ngoliba aitwaye Nadira alijifungua. Alimwambia Viola kwamba nyumbani si mbali na shule. Laiti somo la baada ya mapumziko ya chai lingekuwa wazi, angeenda kumnyonyesha mtoto. Viola akajibu, "Tutakuwekea. Tutawawekea kina mama wote." Akavaa kofia, akaanza. Kisha homa ikamlaza.

Zaid alipomtembelea hospitalini, Viola alimuuliza jambo moja. "Nani ana kofia?"

"Iko msumarini. Ni yako, hujamaliza."

Viola akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Nimeandika pale juu nilipofika," akasema.

Walimzika Siaya. Boaz akarudi ofisini, Zaid akarudi, lakini kofia haikuguswa. Shule zilikaribia kufunguliwa. Boaz alipomkumbusha, Zaid alisema, "Bado ni yake." Akaenda kupika chai.

Ndipo Mama Viola alipopanda ngazi za ofisi. Aliitazama kofia, akaikung'uta vumbi.

"Zaid, mwanangu. Niliifuma ili watoto wasifanye kazi moja mara mbili. Sikuifuma ili kazi isifanyike kabisa."

Akamvisha mwenyewe, juu ya ile nyeupe.

Zaid akaifungua programu. Pale juu kabisa yalikuwa maneno ya Viola: "Kina mama wanaonyonyesha. Somo la baada ya chai liwe wazi. Nimefika Alhamisi."

Zaid akafanya Ijumaa, siku pekee iliyobaki. Alipomaliza, alisema kwa sauti amebadilisha nini na kwa nini, Boaz na Mama Viola wakisikiliza. Boaz akaijaribu. Kofia ikarudi msumarini.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Viola na kwa Selpha, kwa Boaz na kwa Zaid, tunasema poleni sana. Mwenyezi Mungu awape faraja. Nasi tunaosikiliza, tuitazame kazi iliyo mikononi mwetu leo. Je, tumeiacha mahali ambapo mwenzetu ataiona? Na tukimkuta mwenzetu amefika Alhamisi, tutakubali kuendelea?

Muhula umeanza. Ijumaa iliyopita, kengele ya mwisho wa chai ilipolia, Mwalimu Nadira alitoka langoni akishika njia ya nyumbani, ambako mtoto alikuwa ameshaanza kulia.

Pumzika, Viola. Ijumaa imekamilika.