Benchi Lililotazama Hema la Wamama

Benchi letu liko pembeni mwa soko la Kitengela, pale malori ya mawe yanapokata kona kuingia barabara ya Namanga, na sheria yake ni moja: hakuna anayepita bila kusemwa. Ukinyoa, utasemwa. Ukinunua nyama nusu kilo badala ya kilo, utasemwa, na ukifika kwako utakuta jina jipya limekutangulia. Mimi wananiita Redio kwa sababu huwa sisemi. Wiki hiyo ya mwaka wa 2003 manesi kutoka Nairobi walikuwa wamepiga hema ng'ambo ya barabara, hatua chache mbele yetu, kupima wamama ile saratani ya kifua. Kifua ndivyo tulivyosema sisi. Neno lenyewe lilitushinda, watu wazima na ndevu zetu.

Siku ya kwanza Mama Valerie, muuza omena, alivuka barabara akaingia hemani mchana peupe. Alipotoka, Nalianya, mmoja wetu wa benchi, akambandika jina: Mama Uvimbe. Tukacheka hadi kahawa ikamwagika. Mama wa watu hakuwa na uvimbe wowote, manesi walimwambia yuko sawa, lakini jioni hata watoto wa sokoni walikuwa wakimwita hivyo, na kesho yake hakuja kuuza omena.

Sasa ilikuwa siku ya mwisho na hema lilikuwa tupu. Nesi alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, anafukuza nzi. Nalianya, karani wa kiwanda cha nguo, alikuwa ameomba ruhusa kazini, na sote tulijua sababu. Mkewe Rebecca alikuwa amejipapasa akakuta kitu kigumu chini ya kwapa, hakiumi, lakini hakiondoki. Kila asubuhi Nalianya alimwambia aende hemani, kisha yeye akaja kukaa kwenye benchi ahakikishe ameingia. Hakuwa amemwona hata mara moja.

Akauliza mbona wamama wanaogopa. Bedan, tunayemwita Daktari kwa kuwa anauza dawa za mifugo, hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

— Ni sindano. Wakikupata na kitu wanakutuma Nairobi udungwe. Na hiyo ugonjwa ukiidunga inaamka. Hata ng'ombe iko hivyo.

— Ng'ombe gani umeona ikipimwa kifua?

— Nalianya, niko na duka ya dawa miaka yote hii, unaniuliza ng'ombe gani?

Joram akakohoa. Huyo tunamwita Waziri, kwa kuwa kwake hata mvua ikinyesha ni mpango wa serikali.

— Wacheni sindano. Ni simu. Si wamama siku hizi wanaweka simu hapo kifuani, ndani ya nguo? Serikali inataka kujua ni nani ako na simu. Ukivua tu, umeandikwa.

— Na yule hana? akauliza Yarow, mwenye birika la kahawa.

— Huyo ndio wanamtafuta kabisa.

Yarow alitujazia vikombe, halafu akatoa sababu yake. Kwake yote yalikuwa maji ya visima vya hapa, haya ya chumvi yanayogeuza meno kuwa ya kahawia. Alisema maji hayo yanakaza mwili mzima, kwa hivyo mama aliyeyanywa tangu utotoni hawezi kuguswa na ugonjwa huo, na wamama wanajua, ndiyo maana hawaendi. Bedan alikubali kwa kichwa, akasema hata ngozi ya mbuzi wa huku ni ngumu.

— Na wale wamekuja juzi kutoka Bungoma? Nalianya aliuliza, sauti iko chini.

— Hao ndio waende, Yarow akasema. Kwani bibi yako hajaenda?

— Ananiambia laini ni refu.

Sote tukatazama ng'ambo. Nesi alikuwa ameanza kukunja shuka za kitanda. Hakukuwa na laini, wala mama mmoja aliyesimama kungoja. Sikujua nitazame wapi, nikatazama kikombe changu.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja Mmaasai, mtu mzima, akitoka upande wa stoo ya makaa nyuma yetu. Hatukumjua. Joram akamwamkia kwa heshima, kwa Kimaasai.

— Takwenya, yieyo.

— Iko, akaitikia. Mimi naitwa Nashipae, nimetoka Isinya kupimwa. Ni nyinyi wanaume wa benchi?

Joram akakubali, tena kwa fahari kidogo.

— Wamama wako hapo nyuma ya makaa, wengi. Nimewauliza mbona hawavuki. Wananiambia wanangoja nyinyi. Wanasema wako hapo kila siku. Sasa mtaondoka saa ngapi?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua gari linatoka saa ngapi, akasimama kungoja jibu. Nalianya aligeuka, na mimi nikageuka naye. Kati ya magunia alikuwa Rebecca, kikapu cha sukuma wiki amekikumbatia kifuani, na karibu naye Mama Valerie, amemshika mkono. Rebecca alipoona tumemwona, aliinamisha kichwa na kuanza kurudi njia ya nyumbani.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona. Nalianya alisimama kama anayetaka kumfuata, kisha akasita. Akainama, akashika benchi upande mmoja. Bedan akashika upande wa pili, mimi na Joram tukashika katikati, Yarow akabeba birika, tukalipeleka nyuma ya bucha na kuliweka likitazama ukuta. Tukaketi hapo, pua zetu karibu ziguse simenti. Hakuna aliyetaka kahawa.

Nyuma yetu tukasikia nyayo zikivuka barabara. Kama za Rebecca zilikuwemo, hatukujua. Bedan akaanza kuzungusha shingo.

— Usigeuke, Nalianya akamwambia. Tafadhali, ndugu yangu, usigeuke.