Hatua Nne za Babu Kunyata

Mtu wa kunishinda mimi kuijua ardhi bado hajazaliwa, na mama yake bado hajaposwa. Nikikanyaga lami tu, mabomba yananiamkia. Ila karani wa jarida letu la kazini kasema sherehe si yangu, basi nampisha mwenyewe: Babu Kunyata, mtafuta nyaya wa kikosi chetu cha uchimbaji, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Jina hilo alipewa na wapishi wa kantini walipomwona akivuka uwanja kwa ncha za vidole, visikizi masikioni, kipimo chake kikielea juu ya nyasi. Walidhani anavizia kuku. Kumbe anasikiliza waya. Kabla sululu haijainuka wala katapila kunguruma, sharti Babu apite na makopo yake ya rangi: nyekundu umeme, buluu maji, ya chungwa mkongo wa intaneti. Akimaliza, barabara huwa kama imeota ndoto ikaianika juani.

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na humo hupita mwanga uliobeba sauti za watu. Adhuhuri, mtaa ukiwa kimya, husimama juu ya mkongo akasema chini ya viatu vyake kuna binti anaposwa, kuna mtoto anamwamkia bibi yake. Nilimcheka sana. Siku hizi nami hukanyaga polepole.

Tumetaniana mpaka basi. Mimi humwambia miguu yake imekatwa kwa kubana kitambaa. Yeye hunijibu kuwa yangu ni mirefu kwa sababu inakikimbia kichwa. Ila kwenye kanuni yake hana mzaha: ukikaribia alama, mashine ikae kando, ufukue kwa koleo. "Usichokiona kwa macho, mjukuu, hujakipata."

Kwa kanuni hiyo hakuwahi kukatiwa mkongo hata mmoja, hadi mwezi uliopita, mbele ya zahanati. Cheti atakachosomewa kitautaja huo mmoja. Chanzo alikijaza mwenyewe kwenye fomu: "Hatua zangu."

Babu, asante kwa yote. Kaa, nyoosha miguu, na usingizi wako wa mchana asiukate mtu.

Na cheti kirekebishwe kabla hakijasomwa. Mvua ilikuwa imefuta rangi. Daftari la Babu lilisema mkongo uko hatua nne kutoka ukutani. Nikapima kwa miguu yangu hii mirefu, nikachora mstari mpya mbali kabisa, nikamwambia dereva wa katapila achimbe karibu na ukuta, pako salama. Koleo sikushika. Zahanati ikakosa simu mpaka alasiri, na Babu akatia saini ili kibarua changu kisiote nyasi.

Hatua zilikuwa nne, kweli. Ila zilikuwa zangu.