Saa za Kwenda Entebbe

Benchi la Poni lilikuwa mtaa wa Hai Amarat, pembeni ya ukuta wa hoteli uliotobolewa na risasi za Julai, mwaka ule wa 2016. Poni aliuza kahawa ya tangawizi, na wateja wake watatu walikunywa kikombe kimoja kwa maneno ya debe zima. Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya soga. Mama yake, Teresa, alikuwa na tiketi ya Entebbe, ndege ya saa tano asubuhi, na alikataa katakata kutoka nyumbani mpaka aambiwe safari ni muda gani, tena bila kudanganywa. Poni alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani. Basi akauliza benchi, Mungu amsamehe.

— Masaa sita, akasema Swaka, aliyeitwa Kilomita kwa sababu zamani alikuwa utingo wa malori ya Nimule, mpakani. Mimi iko najua hiyo barabara. Pale Nesitu peke yake unangoja msafara wa jeshi mpaka unasinzia.

— Kilomita, ndege haipiti Nesitu! akasema Poni.

— Sasa itauliza njia wapi?

Pitia, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege ambaye kijiwe kilimwita Rubani, akacheka.

— Manze, ni masaa mawili. Moja ya kuruka, moja ya kutafuta pa kuegesha. Wahenga si walisema aliye juu mngoje chini? Ndiyo maana watu wamejaa pale uwanjani.

Fortunato akakohoa. Aliwahi kufundisha kambi ya wakimbizi, Adjumani, kwa hiyo alikuwa Profesa.

— Wote mmekosa. Ndege haiendi popote. Inapanda, inatulia. Dunia ndiyo inazunguka, Entebbe inakuja yenyewe. Dakika ishirini, kalas, imekwisha. Mvumilivu hula mbivu.

— Profesa, dunia inazungukia mashariki. Ukitulia hivyo utashukia Kongo! akadakia Pitia.

— Sasa unafikiri rubani ni wa nini?

Poni akabwaga kibirika juu ya jiko.

— Nyinyi watu! Mama yangu alilala siku nne chini ya kitanda Julai ile. Juzi risasi zimelia tena. Nimeomba jibu moja tu!

Aibu iliwashika, hata Profesa.

— Saa moja na dakika kumi, dada, Pitia akasema polepole. Hiyo ni ya kweli. Wallahi.

Poni akapiga simu nyumbani. Baada ya muda boda ikasimama mbele ya benchi, Teresa nyuma ya dereva, amekumbatia furushi.

— Saa moja na kidogo, mama, Poni akamwambia. Rozari tatu tu, umefika.

Teresa akafikiri.

— Vita ile ya zamani nilitoka nchini kwa miguu, siku tisa, wewe mgongoni. Saa moja si mbaya.

Akawatazama wale wanaume, mmoja mmoja.

— Na kurudi?

Swaka alikuwa amerudi kutoka ukimbizini baada ya miaka kumi na saba. Fortunato, ishirini na mmoja. Pitia alikoroga kikombe kisicho na kitu. Poni alikaza fundo la furushi la mama yake.

— Basi mkijua, mnipigie, akasema Teresa, akampiga dereva begani waende.

Saa tano na robo ndege ilipita juu ya Hai Amarat. Wote wanne waliinua vichwa wakaisindikiza mpaka ikapotea. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyetazama saa.