Jicho la Fundi Mbaruku

Kijiwe chetu kipo barazani kwa duka la vitenge la Vitalis, Kariakoo. Vitalis tunamwita Mangi. Kahawa ipo, kashata zipo, uongo ndio usiseme. Mkabala na sisi hukaa fundi Mbaruku na cherehani yake. Jana kaangukia mashine huku kashika jicho, akapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali, na asubuhi hii kila mtu roho juu.

— Makubwa haya! — akaanza Nassibu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimi. — Si mliliona lile jicho la kushoto? Limetokeza, halafu haligeuki! La pili likienda kulia, lenyewe limeganda.

— Limeganda wapi? Dukani kwangu! — Mangi akadakia. — Mauzo yanashuka tu. Nikajua chuma ulete hiyo, jamaa anavuta hela zangu kwa jicho.

— Duh! Kwa jicho?

— Kwani fundi wa viraka anajengaje nyumba Chanika?

— Na shingo alikuwa anaipinda, — nikachomekea, maana kijiweni huwezi kukaa bubu. — Analenga!

— Basi ni jini, — Redio akasema. — Limekaa nyuma ya jicho, linasukuma litoke. Lisemwalo lipo!

— Ndiyo maana nikamtundikia turubai katikati, — Mangi akajigamba. Wahenga walisema macho hayana pazia. Mimi lile nimeliwekea!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mara akatokea Ummy, binti wa Mbaruku, macho mekundu kwa kukesha.

— Shikamooni.

— Marahaba. Baba vipi?

— Kalazwa. Daktari anasema nyama za ndani ya tundu la jicho zimevimba muda mrefu, mpaka misuli ya kuligeuza imelegea. Kumbe alikuwa anaona kila kitu viwili, ndiyo maana akawa anapinda shingo. Alituficha. Sasa ule uvimbe unabana mshipa wa kuonea. Dawa kaanza, ila hawajui kama jicho litapona.

— Mungu wangu! — Redio akashika kichwa. Mimi nikaona aibu hata kumtazama yule binti.

— Anko Mangi, baba kanituma nikushukuru.

— Mimi? Kwa lipi?

— Lile turubai. Jua lilikuwa linamchoma jicho, hawezi hata kutunga uzi. Anasema mtaa mzima ni wewe tu uliyegundua anaumwa. Kasema nikuulize, ulijuaje?

Mangi akavuta kitenge, akaanza kukikunja upya. Redio akainamia kikombe chake. Ummy akabaki amesimama, anasubiri jibu.