Skana ya Antena Imenyamaza

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na tangu Antena, fundi redio, alete ile skana yake ya mkononi, hatubanduki. Inapita masafa yote ya mtaa, ikikuta mtu anaongea inasimama tumsikilize. Leo inapita tu. Anayeumia ni Dereva. Ofisi yao huita kwa redio, na ya kwenye teksi yake imekufa, kwa hiyo anategea sikio hapa. Ameshaonywa: akikosa abiria mwingine, arudishe funguo. Namwonea huruma, lakini kahawa bado ya moto.

— Mbona hawaniiti?

— Tulia, — Antena akasema. — Mvumilivu hula mbivu.

— Si ofisi yako tu, — Kinyozi akadakia. — Walinzi wa soko kimya. Watu wa maji kimya. Hewa imefungwa hiyo.

— Na nani?

— Wenye hewa yao.

— Acha zako, — Antena akamjibu. — Mawimbi yamechoka. Hata mpira ukipigwa sana huisha upepo.

— Yamechoka wapi? Kuna watu huko juu wanayafyonza. Wiki hii nywele za wateja wangu zinasimama zenyewe.

— Hata za yule mwenye upara?

— Yule zimeshafyonzwa.

Hapo akatokea dada mmoja anaburuta sanduku, jasho linamtiririka.

— Dereva wa namba saba ni nani hapa?

— Mimi, dada yangu.

— Nimengoja pale ofisini kwenu mpaka nimeamua kutembea, nikaiona teksi yako hapo. Yule mama wa redio kakuita mpaka kakohoa.

Wote tukaigeukia skana.

— Yule wa “namba saba, namba saba”? — Antena akauliza taratibu. — Huyo nilimfungia asubuhi, skana imruke. Kelele nyingi. Nimepanga chaneli zangu vizuri, kila msumbufu namfungia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Antena, umeninyang'anya gari, — Dereva akasema. Akalinyanyua lile sanduku akaliweka begani. — Twende, dada. Ukifika nisaidie, umpigie yule mama wa ofisini umwambie nimekupeleka.

— Nitamwambia. — Kisha akamgeukia Antena. — Kwa hiyo kila anayeongea umemfungia?

— Kila mmoja.

— Sasa mlikuwa mnasikiliza nini?

Kinyozi akakumbuka ana mteja ndani. Antena akaanza kuipangusa skana kwa shati. Mimi nikanywa kahawa yangu, imeshapoa.