Ombi la Dada wa Al Wukair Nililolikata Nusu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe hata na sisi tunaoona haya kulitaja jina lake mbele ya watu. Wengi wenu mnanijua. Mimi ni mlinzi, ninakaa kambini kule Industrial Area, na kwa miaka miwili nilikuwa nikishika simu ya maombi ya ushirika wetu hapa Mesaimeer, Doha. Wageni niwaeleze. Simu hiyo ni kwa ajili ya dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani, wasiopata nafasi ya kutoka Ijumaa, siku yetu ya ibada. Wanatuma ujumbe wa sauti, mwenye simu anausikiliza, anaandika ombi kwenye daftari, kisha anasimama na kulisoma ili kanisa zima liombe. Nao wanatusikiliza huko waliko, maana ibada yetu hurushwa moja kwa moja kwenye simu. Mliniamini na kazi hiyo. Mlisema nina sauti nzuri ya maombi.

Ndugu zangu, sauti hiyo hiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Zamu yangu huanza alfajiri na kuisha saa saba mchana. Basi la kampuni linaturudisha kambini, tunaoga, tunakula, na huko nje joto halikaliki, kwa hiyo hakuna pa kwenda. Katika chumba cha watu sita kitanda chako ndiyo nyumba yako. Hapo kitandani nilianza kucheza gemu ya mtandaoni. Ni gemu ya vita, watu watano dhidi ya watano, kila upande una ngome yake, na mnaongea kwa maiki mkiwa mnacheza. Nilianzisha kikosi cha watu wanaoongea Kiswahili hapa Doha, nikawa kiongozi wake, nikajiita Nyundo.

Jina hilo nililifanyia kazi kweli. Mchezaji akikosea nilimtukana mpaka anatoka mwenyewe. Nilitukana makabila ya watu. Nilitukana sura ambazo sijawahi kuziona. Nilitukana wazazi. Tukishinda nilidhihaki wenzetu, tukishindwa nilitafuta wa kumlaumu, na sikuwahi kumkosa. Kazini nilikuwa nafungulia mlango watu wasioniangalia usoni, halafu mchana najiambia kwamba kwenye gemu na mimi ni mkubwa. Sisemi haya ili nijitetee. Nataka mjue jinsi nilivyokuwa mdogo.

Na Ijumaa nilikuja hapa nikapiga magoti, nikaomba kwa machozi, na sikuona tatizo lolote! Niliona gemu ni gemu. Niliona kule hakuna watu, kuna majina tu.

Kitanda cha chini yangu analala Salim, mlinzi mwenzangu, Mwislamu kutoka Mombasa. Naye alikuwa kwenye kikosi. Salim anacheza huku anacheka, na akiuawa anacheka zaidi. Mara nyingi aliniambia nipunguze ulimi. Nilimjibu kwamba yeye hana uchungu wa kushinda.

Sasa alikuja mchezaji mmoja aliyejiita Kasuku. Kazi aliyoichagua ilikuwa kutibu wenzake. Mkipigwa mkaanguka, yeye ndiye anakuja kuwainua. Aliifanya kazi hiyo vizuri sana, ndugu zangu. Mimi mwenyewe aliniinua mara ambazo siwezi kuzihesabu. Lakini hakusema neno hata moja. Ukimwuliza yuko wapi, kimya. Ukimsalimia, kimya. Katika michezo hii mtu asiyefungua maiki hapendwi. Watu wanasema anaringa, au ametumwa na kikosi kingine kutupeleleza. Tulimcheka kila siku, tukiuliza ni kasuku gani huyu asiyeongea. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kuna watu wanaonyamaza kwa sababu mahali walipo hawana ruhusa ya kutoa sauti.

Ikafika mechi ya mwisho ya ligi ya vikosi. Tulikuwa tunaongoza. Mimi nimeanguka karibu na ngome ya adui, nasubiri Kasuku aje aniinue, namwona amesimama tu. Hasogei. Wakamwua akiwa amesimama vile vile, wakaja wakanimaliza na mimi, wakavunja ngome yetu. Tukashindwa.

Nilishika maiki. Naona aibu kurudia, lakini leo nimekuja kusema kweli. Nilimwita mbwa. Nilimwambia hana faida yoyote duniani, na kwamba hata mama yake anajuta kumzaa. Niliendelea hivyo kwa muda mrefu, na baadhi ya wenzangu wakacheka. Kisha nikatoa amri. Nilisema Kasuku ameuza mechi, na kila mtu amripoti kuwa ni msaliti na mdanganyifu, maana ripoti zikiwa nyingi wenye gemu wanamfungia mtu. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hasira tu.

Salim alikataa. Alivua vipokea sauti masikioni, akaniangalia kutoka kitandani kwake.

"Mimi hapo nitoe, ndugu yangu. Nilimwona amesimama, sikumwona akiuza. Siwezi kumtolea mtu ushahidi wa kitu sikukiona."

Mwislamu huyo, ndugu zangu, alijua amri ya Mungu kuhusu kumshuhudia jirani uongo, na mimi niliyeikariri tangu shule ya Jumapili nilimwita mwoga. Wengine walimripoti, hata ambao hawakuwa kwenye mechi hiyo. Siku hiyo hiyo akaunti ya Kasuku ikafungwa, na mimi nikafurahi.

Zikapita wiki tatu. Alhamisi mchana nilikaa kitandani na simu ya maombi pamoja na daftari langu. Kulikuwa na jumbe nne. Wa tatu ulikuwa wa dada ambaye sikuwahi kumsikia. Aliongea chini chini, na nyuma yake nilisikia maji yakimwagika, nadhani alikuwa jikoni. Alisema hivi:

"Bwana asifiwe, watu wa Mungu. Mimi ni dada yenu, niko Al Wukair, mimi sipati off Ijumaa, na namba yenu nimepewa juzi tu. Naomba mniombee. Kulikuwa na gemu nilikuwa nacheza mtoto wa madam akilala mchana. Sikuwa napenda gemu sana. Nilikuwa napenda kusikia watu wakiongea Kiswahili, kwa sababu hapa hakuna mtu wa kuongea na mimi. Nilikuwa najiita Kasuku. Singeweza kujibu, mtoto angeamka. Siku moja akaamka akilia, nikaacha simu nikaenda kumbeba. Kurudi nikasikia kiongozi wao, anaitwa Nyundo, ananitukana. Akasema mamangu anajuta kunizaa. Mamangu alifariki mwaka huu nikiwa huku, na sikuenda kumzika. Tangu hiyo siku namchukia huyo mtu. Nikiomba naona hasira tu, maneno hayatoki. Mniombee nimsamehe, nipate kuomba tena."

Nilizima simu. Hata kukana nisingeweza, maana kila kitu alichosema kilikuwa hivyo hivyo. Yule niliyemtukana kwa kutoniinua alikuwa amekwenda kumwinua mtoto anayelia!

Mngetegemea niseme kwamba nilitubu hapo. Sikutubu. Nilifikiri jambo moja tu, kwamba Salim analijua jina Nyundo, na vijana wawili wa kanisa hili wanalijua pia. Nikisoma ombi lile jinsi lilivyo, nimekwisha. Kwa hiyo Ijumaa nilisimama hapa mbele, nikafungua daftari, nikasoma: "Dada yetu wa Al Wukair anaomba Mungu ampe amani kazini." Basi. Mkasema Amina. Na mimi ndiye niliyeongoza maombi hayo, kwa sauti ile ile mnayoisifu. Baadhi yenu mlilia, na mama mmoja akaja kunishika mkono akisema nimepewa kipawa kikubwa.

Nilisahau kwamba Kasuku anasikiliza.

Jumapili mchana ukaingia ujumbe wake wa pili, mfupi. Alisema ombi lake halikusomwa. Akasema sauti iliyosoma anaijua, ila hataki kumtaja mtu. Halafu akasema, "Naomba tu mnitoe kwenye orodha ya maombi. Sitawasumbua tena."

Ndugu zangu, nimefanya makosa mengi maishani, lakini hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimemfukuza mtu mahali pawili. Kwenye gemu nilimfungia mlango mmoja wa kusikia watu wa kwao. Kanisani nilimfungia wa pili, nikiwa nimevaa shati jeupe na Biblia mkononi. Kulikuwa na dada peke yake ndani ya nyumba ya watu, mama yake amezikwa bila yeye, na sasa alikuwa anamuaga Mungu kwa sababu yangu. Niliona aibu ambayo sijui niielezeje.

Na hata hapo kidole changu kilikwenda kwenye kufuta! Nilikuwa peke yangu mwenye simu ile. Nikifuta, hakuna mtu angejua. Salim alikuwa anakunja nguo zake, akaniona jinsi nilivyokaa, akauliza kuna nini. Sijui kwa nini nilimwambia, labda kwa sababu alikuwa ndiye pekee aliyekataa. Nilimweleza yote, nikamwambia nataka kufuta.

Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Sasa wafuta nini, na yeye keshasikia?"

Nilipiga magoti pale kati ya vitanda, watu wakiingia na kutoka na ndoo zao za kufulia. Sikuona mwanga. Sikuanguka chini. Sikuwa hata na maneno, ikawa kama alivyosema yule dada, maneno hayatoki. Nilisema tu, "Bwana, Nyundo ni mimi." Nilirudia hivyo hivyo. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemwambia Mungu kwamba kuna mimi wa kanisani na kuna yule wa kwenye gemu, na huyo wa pili hamhusu. Siku hiyo alinikuta nikiwa mtu mmoja. Na ule woga wa kujulikana, ulionifanya nikate ombi la mtu, ukaniachia. Aibu haikuondoka, bado ninayo, lakini woga uliondoka. Hiyo ni kazi ya Yesu, mimi nisingeweza!

Nilimpigia mchungaji jioni ile ile nikamwambia. Akasema simu ya maombi niilete, na nikaileta, sasa inashikwa na dada mmoja muuguzi. Kwenye kikosi niliwaambia wote kwamba Kasuku hakuuza chochote, nikajiondoa kwenye uongozi, nikaifuta gemu kwenye simu yangu. Wawili walinicheka. Niliwaandikia wenye gemu kwamba ripoti zilikuwa za uongo na mimi ndiye niliyezipanga. Mpaka leo hawajaifungua akaunti yake. Kufunga kulichukua mchana mmoja, kufungua sijui kutachukua nini.

Mchungaji alizungumza na yule dada, akamwuliza anataka nini kifanyike. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimepanga maneno mazuri. Dada alisema hataki kuongea na mimi. Alisema ile sauti akiisikia anayasikia yale matusi. Alisema ombi lake lisomwe lote, jinsi alivyolisema, na watu wajue ni nani aliyelikata. Lakini lisisomwe na mimi.

Ndiyo maana, ndugu zangu, ushuhuda huu unasomwa na mchungaji. Mimi ndiye niliyeuandika, na nimekaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Nimefunga mdomo, na nitaufunga kwa kadiri anavyotaka.

Ninamshukuru Mungu aliyenitoa kwenye uongo kabla sijazeeka nao. Ninamshukuru Salim. Na wewe unayesikia, mwenye jina lingine unalotumia mahali ambapo kanisa halikuoni, usidhani kule hakuna watu. Wapo. Wana mama zao na misiba yao, na wengine wanakusikiliza bila uwezo wa kukujibu. Njoo kwa Yesu na majina yako yote, mwamini, hatakutupa! Mimi hakunitupa.

Nina ombi moja. Msiniombee mimi kwanza. Dada yetu wa Al Wukair aliomba apewe moyo wa kumsamehe Nyundo ili aweze kuomba tena, na ombi hilo bado halijaombwa na mtu yeyote katika kanisa hili. Dada, tunajua unasikiliza. Ombi lako limesomwa lote leo. Kanisa, simameni mumwombee.