Injinia Alijenga Nini?

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la vipuri, na asubuhi ile kahawa ilinyweka kwa shida. Injinia alikuwa amefariki juzi. Tangu astaafu, miaka kumi na mmoja, alikuja hapa kila siku, akanywa vikombe viwili, akatutania, akarudi kwa mkewe. Maziko ni kesho, na familia imeomba mmoja wetu aseme neno kwa niaba ya marafiki. Nimechaguliwa mimi, fundi viatu, kwa sababu nina suti. Suti ninayo, maneno ndiyo sina.

— Anza na daraja la mtoni, akasema Kinyozi. Lile kalijenga yeye.

— Nani kakwambia? nikauliza.

— Niambiwe ya nini? Miaka thelathini halina ufa. Nani mwingine angeweza?

Betri, yule anayetengeneza redio, hakutaka kupitwa. Akadai tenki la maji la kule mlimani ni la Injinia pia, tena marehemu alikuwa akitega sikio kwenye bomba anakutajia nyumba iliyoacha koki wazi. Kinyozi akaongeza chumvi: wageni walikuja kwa ndege kumwomba akawachimbie handaki chini ya bahari, akakataa kwa kuwa mkewe hapendi kulala peke yake.

— Hilo la handaki umelitoa wapi? nikamuuliza.

— Linajulikana.

— Na nani?

— Na mimi.

Dada wa kahawa akatikisa kichwa, akatujazia vikombe. Mimi nikaandika yote, hata la handaki, kwenye kifuniko cha boksi la viatu. Mtu akizama hachagui cha kushika.

Ndipo akatokea binti yake, kitinda mimba, daftari mkononi na macho mekundu. Akatuamkia, tukampa pole, tukamsogezea nafasi. Alikuwa anaandika wasifu wa baba yake na mchapaji anausubiri saa sita. Kule ofisini kwa baba yake wamempa sentensi moja tu, kwamba alihudumu miaka thelathini na miwili. Wenzake wa zamani wametawanyika.

— Wazee wangu, baba alijenga nini?

Nikakigeuza kifuniko changu kifudifudi.

— Mwanangu, nikasema, hatujui. Hakuwahi kutuambia.

— Miaka yote hiyo? Sasa mlikuwa mnaongea nini?

Hapo hatukuhitaji kubuni. Dada wa kahawa akamweleza jinsi kaka yake mkubwa alivyoogopa shule, baba akaomba ruhusa kazini, akasimama wiki nzima nje ya dirisha la darasa ili mtoto amwone. Kinyozi akasema mama yao akianza kuimba jikoni, Injinia alikuwa anazima redio, hata kama ni taarifa ya habari.

— Na wewe, akasema Betri, ulichelewa kusema. Neno lako la kwanza lilikuwa jina la paka. Baba yako alinuna siku mbili.

Binti akacheka, kisha akalia, kisha vyote pamoja. Akatuambia kwamba nyumbani nako baba yake hakuzungumzia kazi. Mezani aliwasimulia habari zetu. Kinyozi asiyekubali kushindwa, Betri anayefungua redio nzima kwa sababu ya waya mmoja, na fundi viatu.

— Alisema nini kuhusu mimi?

— Alisema wewe ndiye anayeweza kukaa naye kimya.

Nilimpenda sana yule mtu. Sikuwahi kumwambia.

Binti akafunga daftari. Kwenye sehemu ya kazi, akasema, ataweka ile sentensi ya ofisi, basi. Akauliza nani atazungumza kesho, wenzangu wakanionyesha.

— Sema ile ya paka, baba.

Nikamwambia nitaisema, nikiweza kuifikisha mwisho.